Tumbo la Jumatatu: Mwongozo kamili wa kumtibu mtoto mwenye ugonjwa wa wasiwasi kwenye zahanati na kituo cha afya

Ukikaa OPD (idara ya wagonjwa wa nje) ya kituo cha afya kwa muda, utamfahamu tu. Anakuja Jumatatu, saa tatu asubuhi, kavaa sare ya shule, kashikwa mkono na mama yake. Tumbo limemkata tangu alfajiri. Faili lake limenenepa: mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi mara nne, Widal (kipimo cha taifodi) "chanya" mara mbili, mkojo "una chembechembe". Ameshatibiwa taifodi, ameshatibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), ameshanyweshwa dawa za minyoo kuliko minyoo aliyowahi kuwa nayo. Jumamosi tumbo haliumi. Likizo ya Juni haliumi. Likizo ikiisha, linarudi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya tabibu na muuguzi anayekutana na mtoto huyo, mwenye foleni ya watu sitini mlangoni na asiye na mwanasaikolojia wa kumpigia simu. Mzazi anaweza kuusoma pia. Mtoto ninayemtaja humu nimemshona kwa vipande vya watoto wengi, kwa hiyo hakuna atakayemtambua, ingawa kila mmoja wetu atadhani ni wa kwake.

Neno lenyewe

Kabla ya tiba, neno. "Wasiwasi" limetoka kwenye Kiarabu, na kwa wazee wengi wa pwani bado lina harufu ya kwao: mnong'ono wa shetani moyoni, ule unaotajwa kwenye Suratun-Nas. Ukimwambia bibi wa Pangani kwamba mjukuu wake ana ugonjwa wa wasiwasi, anaweza kuelewa kwamba umemshauri ampeleke kwa sheikh. Mama wa mjini Dodoma ataelewa kwamba mtoto ana mashaka kidogo, yataisha. Wote wawili wataondoka na jambo ambalo hukulisema.

Mimi huanza na maneno marefu zaidi: "hofu iliyozidi kiasi mpaka inamzuia mtoto kufanya mambo yake." Jina la ugonjwa naliandika kwenye faili. Nyumbani waende na maelezo.

Hatua ya kwanza: ni hofu ya umri wake, au imevuka?

Mtoto wa miezi minane anayelia akibebwa na mgeni yuko sawa. Wa miaka miwili anayeng'ang'ania khanga ya mama yuko sawa. Wa miaka mitano anaogopa giza na mazimwi, wa tisa anaogopa wezi na anaogopa mama asije akafa, wa kumi na nne anaamini darasa zima linatazama chunusi zake. Hiyo ni ratiba ya kawaida ya kukua.

Angalia mambo matatu: ukubwa wa hofu ukilinganisha na jambo lenyewe, muda iliyokaa, na kile ambacho imemnyang'anya mtoto. La tatu lina uzito kuliko mengine. Mtoto anayeogopa mtihani lakini anaufanya ana hofu. Mtoto aliyeacha kwenda shule, kulala peke yake, kutumwa dukani au kwenda madrasa ana ugonjwa, au yuko njiani kuupata. Vigezo rasmi vinataka wiki 4 kwa hofu ya kutengana na mzazi, na miezi 6 kwa wasiwasi wa jumla, hofu ya kutazamwa na watu na hofu ya kitu maalumu. Hivyo ni vigezo vya kuupa ugonjwa jina. Kumsaidia mtoto asiyekwenda shule hakuhitaji kusubiri miezi sita, maana kila wiki anayokaa nyumbani inafanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Sura zinazotufikia ni chache. Yupo asiyeachana na mama. Yupo ambaye aibu imepita kiasi, hawezi kusimama na kujibu swali darasani. Yupo anayewaza kila kitu, ada, mvua, afya ya baba, vita aliyoisikia redioni. Yupo kijana anayepatwa ghafla na moyo kwenda mbio, ganzi mikononi na kuhisi anakufa, kisha ndani ya nusu saa yuko mzima. Huyu mara nyingi ameshapimwa moyo. Na yupo anayeongea nyumbani kama kasuku lakini shuleni hajatamka neno tangu muhula uanze. Huyo si jeuri wala si bubu.

Mmoja umtenge mapema: anayerudia udhu mara kumi, anayenawa mpaka ngozi inachubuka, anayehesabu au kugusa vitu kwa mpangilio na asipofanya hivyo anaamini mtu atakufa. Huo ni ugonjwa jirani wenye tiba yake. Mpe rufaa.

Hatua ya pili: mahojiano

Ziara ya kwanza haihitaji saa nzima. Dakika kumi na tano zinatosha kuhakikisha hakuna hatari, kisha mpange arudi alasiri, foleni ikiwa imepungua. Usimwambie mama "hana kitu". Ana kitu. Mwambie tumbo linauma kweli, na kwamba unataka kujua kinacholiumiza.

Anza na mtoto mwenyewe. Akikuamkia "shikamoo", itikia vizuri na umuulize jambo lisilo na uzito: amekuja na nani, anakaa na nani darasani, nani anamshinda mbio. Kisha uliza swali ambalo limenisaidia kuliko kipimo chochote cha maabara: "Kama leo ingekuwa sikukuu, tumbo lingeuma?" Wengi hunyamaza, wakatabasamu kidogo, wakatazama chini.

Aliyefikisha miaka kumi hivi zungumza naye peke yake, mlango ukiwa umerudishwa na muuguzi akiwa jirani. Mweleze kwanza mpaka wa siri: "Utakayoniambia yanabaki hapa, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kumuumiza mwingine. Hapo itabidi tumwambie mtu wa kutusaidia." Halafu pita nyumbani, shuleni, marafiki, simu, pombe na bangi, mapenzi, usingizi. Usiulize kama karani anayejaza fomu.

Maswali mawili hayarukwi, hata foleni iwe ndefu vipi.

La kwanza ni kujiumiza. Kumuuliza mtoto hakumpandikizii wazo. Uliza hivi: "Wapo watoto wanaochoka mpaka wanatamani wasiwepo. Wewe umewahi kufika hapo?" Akisema ndiyo, uliza kama amefikiria namna, na kama hicho kitu kipo nyumbani. Sumu ya panya, dawa ya kunyunyizia mboga na vidonge vya bibi vifungiwe au viondolewe leo hii. Mwenye mpango hatoki kituoni peke yake. Anakwenda hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mtu mzima.

La pili ni kuumizwa. Nani yuko njiani? Bodaboda, mjomba anayelala chumba kimoja naye, mwalimu, wakubwa wa bweni. Mtoto anayeogopa mtu anayemdhuru si mgonjwa wa wasiwasi, hofu yake inasema kweli. Kinachotakiwa hapo ni ulinzi. Mhusishe Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakupa msingi. Simu ya mtoto 116 inafanya kazi Tanzania, na Kenya namba ni hiyo hiyo. Kama ni ubakaji na saa 72 hazijapita, dawa za kinga ya VVU zinatangulia makaratasi yote.

Madodoso yapo, na si mabaya. GAD-7, dodoso la wasiwasi wa jumla, ina maswali 7 na alama 0 hadi 21: 5 ni hofu ndogo, 10 ya kati, 15 kali. Inawafaa vijana wa miaka 12 kwenda juu. Dodoso la SCARED lina maswali 41 kwa wa miaka 8 hadi 18, na alama 25 au zaidi inakuambia uchunguze. Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lilipendekeza mwaka 2022 kila mtoto wa miaka 8 hadi 18 apimwe wasiwasi hata asipolalamika. Kwetu, ambako ukimgundua huna pa kumpeleka, mimi hutumia dodoso kwa ninayemshuku tu, na hasa kwa kazi moja: nilirudie baada ya wiki sita nione kama alama zimeshuka.

Hatua ya tatu: pima mara moja, pima vizuri, funga mlango wa vipimo

Yapo magonjwa yanayojifanya wasiwasi. Upungufu wa damu huleta mapigo ya haraka na uchovu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta kutetemeka, jasho na kukonda. Mapigo yake hubaki juu hata mtoto akiwa amelala, na hapo ndipo inapojisaliti. Pumu hubana kifua, na salbutamoli inayoitibu hutetemesha mikono. Homa ya baridi yabisi iliyogusa moyo bado ipo kwetu, kwa hiyo weka stetoskopu kifuani, usikilize. Kifafa cha sehemu moja ya ubongo kinaweza kuja kama hofu ya ghafla ya dakika moja na macho kukodoa. Uliza pia vinywaji vya kuongeza nguvu. Kijana wa kidato cha nne anayekunywa makopo matatu ili akeshe na vitabu amejitengenezea dalili nusu kwa pesa yake. Na anayehudhuria CTC (kliniki ya VVU) uliza dawa anazotumia: efavirenzi iliwasumbua wengi kwa ndoto mbaya na hofu, na hata aliyehamishiwa dawa nyingine anaweza kuwa na mzigo wa siri ambayo hajaambiwa vizuri na wazazi wake.

Kwa tumbo, dalili za kukushtua ni kupungua uzito, damu kwenye choo, kutapika kunakoendelea, homa, maumivu yanayomwamsha usingizini, na maumivu yaliyokaa mbali na kitovu. Tumbo la hofu kwa kawaida huzunguka kitovu, na mtoto hulionyesha kwa kiganja kizima badala ya kidole kimoja.

Uzito, joto, mapigo, presha, shingo, kifua, tumbo, wingi wa damu, mkojo. Vikiwa salama, acha. Widal usiirudie, huku kwetu inatoka chanya kwa watu wasio na ugonjwa wowote kwa sababu ya maambukizi ya zamani, na imewanywesha watoto wengi antibiotiki zisizo na kazi. Kila kipimo kipya unachoandika kinamwambia mtoto na mama yake kwamba hata dokta anaogopa.

Hatua ya nne: maelezo

Tiba inaanza hapa, na watu wengi wanaipita mbio.

Huwa namwambia mtoto hivi: "Ndani yako kuna mbwa mlinzi. Kazi yake ni kubweka mwizi akija. Wako ni mzuri, ila anabweka hata kwa mgeni aliyealikwa. Akibweka, moyo unakimbia, mikono inatoka jasho, tumbo linakata. Hatumuui mbwa. Tutamzoesha wageni." Kwa mtoto wa nyumba isiyofuga mbwa, tumia jogoo anayewika saa nane usiku akidhani kumekucha. Mtoto akicheka, mmefika nusu ya safari.

Kisha onyesha mzunguko, kwa kalamu, hata nyuma ya kadi. Anafikiria shule, hofu inapanda, tumbo linakata, anabaki nyumbani, hofu inashuka. Weka kalamu hapo kwenye kushuka. Ile nafuu ndiyo sumu. Mwili umejifunza kwamba amepona kwa sababu amekwepa, kwa hiyo kesho utapiga kelele zaidi. Mama akiuelewa mchoro huu, nusu ya kazi atakufanyia yeye.

Familia inaweza kuwa imeshapita kwa mchungaji, kwa sheikh wakampa kombe, au kwa mganga. Uliza bila kukunja uso, kwa sababu ukikunja hutaambiwa tena. Sala inayomtuliza mtoto kisha akaingia darasani ni rafiki wa tiba. Pinga waziwazi yale yanayodhuru: kuchanjwa chale, kufungiwa, kunyimwa chakula, kupigwa ili pepo limtoke.

Hatua ya tano: ngazi

Uti wa mgongo wa tiba ni kumrudisha mtoto kwenye kile anachokikwepa, kidogo kidogo na kwa kurudia, mpaka mbwa achoke kubweka. Haihitaji shahada ya saikolojia. Inahitaji daftari, uvumilivu na mtu mzima mmoja wa kuaminika nyumbani.

Fundisha kwanza kupima hofu kwa 0 hadi 10, sifuri ni kama amelala kwenye mkeka chini ya mwembe, kumi ni hofu isiyovumilika. Mwambie ataje mambo yanayomwogopesha na ayape alama yeye, usimpe wewe. Utashangaa. Mama wa binti mmoja aliapa kwamba tatizo ni Hisabati. Binti akaipa Hisabati tatu, na foleni ya choo cha shule akaipa tisa.

Kisha pangeni vipandio. Kwa yule mtoto wetu wa Jumatatu, wa darasa la saba, aliyekaa nyumbani wiki tatu, ngazi inaweza kuwa hivi:

1. Kuamka saa kumi na mbili, kuvaa sare, kunywa chai, na kukaa na sare mpaka saa mbili. Bila televisheni.
2. Kutembea na mama mpaka geti la shule jioni, wakati hakuna watu, na kukaa hapo.
3. Geti hilo hilo asubuhi, wenzake wakiingia.
4. Kuingia na kukaa ofisini kwa mwalimu wa malezi mpaka mapumziko ya saa nne.
5. Vipindi viwili darasani. Mama anaagana naye getini na anaondoka kweli, hajifichi nyuma ya ukuta.
6. Nusu siku.
7. Siku nzima.

Anzeni kwenye kipandio chenye alama tatu au nne. Kilicho sifuri hakifundishi kitu, na cha tisa kitamvunja. Abaki hapo mpaka hofu ishuke karibu nusu. Inaweza kuchukua dakika kumi au arobaini, na akiondoka ikiwa bado kileleni mmeulisha ugonjwa. Rudieni kipandio hicho kila siku mpaka kimchoshe, ndipo mpande. Siku mbaya itakuja. Siku hiyo shukeni kipandio kimoja. Msirudi chini kabisa.

Kupumua polepole kunasaidia, na ni rahisi kufundisha: mkono juu ya tumbo, ingiza hewa puani ukihesabu tatu, itoe mdomoni ukihesabu tano kama unayepoza uji wa moto. Afanye mazoezi jioni akiwa ametulia, si mara ya kwanza hofu ikiwa imeshapanda. Nina onyo moja hapa. Kupumua hakuponyi. Nimeona watoto wakigeuza mazoezi haya kuwa hirizi mpya, "siwezi kuingia darasani mpaka nimalize kupumua". Ni fimbo ya kutembelea tu.

Mawazo nayo yana kazi yake kwa wenye umri wa miaka kumi kwenda juu. Akisema "nitafeli, baba atanifukuza", usimwambie "hutafeli". Hujui. Muulize: imewahi kutokea? Baba alifanya nini ulipopata alama mbaya mara ya mwisho? Ikitokea, nani atakusaidia? Acha ajibu mwenyewe.

Mpango wa ziara nne hadi sita, moja kwa wiki, dakika ishirini kila moja, unatosha kwa wengi. Kila ziara inaanza na daftari la ngazi. Asipoliandika, msimgombeze, andikeni pamoja hapo hapo.

Mzazi ndiye dawa, na wakati mwingine ndiye mnywaji

Mama anayelala na mtoto wa miaka kumi na mbili, anayejibu "utakuja kunichukua?" mara ishirini kwa siku, anayemnunulia vitu dukani ili asiongee na muuzaji, hakosei kwa kukosa akili. Anapenda. Ila kila huduma hiyo inamwambia mtoto: kweli huwezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wameunda tiba inayoitwa SPACE ambayo mtoto haji kliniki kabisa, mzazi peke yake ndiye anayefundishwa kupunguza huduma hizo. Katika jaribio la watoto 124, matokeo yake hayakuwa duni kuliko tiba ya kuzungumza aliyopewa mtoto mwenyewe. Kwetu, ambako mama anaweza kuja na mtoto hataki, hilo ni jambo kubwa.

Chagueni huduma moja tu ya kupunguza. Mtoto aambiwe mapema, kwa utulivu, siku ambayo hakuna ugomvi: "Kuanzia Jumapili nitajibu swali hilo mara moja kila asubuhi. Ukiuliza tena nitakukumbatia, lakini sitajibu." Sentensi ya kusimamia ni hii: "Najua unaogopa, na najua unaweza." Sehemu zote mbili zisemwe. Ya kwanza peke yake inamlegeza, ya pili peke yake inamdharau. Wiki ya kwanza mtoto atalia zaidi. Mwonye mama kabla, la sivyo ataacha siku ya tatu.

Baba naye aje, hata mara moja. Nyumba nyingi mama analegeza na baba anakaza, na mtoto anajifunza kusubiri zamu. Na umtazame mama mwenyewe: wasiwasi hutembea kwenye familia, na mara nyingi wa pili kuhitaji kiti ni yeye.

Shule

Bila mwalimu mmoja upande wenu, ngazi haisimami. Mama aende, au wewe uandike barua fupi isiyo na siri za mtoto: mwanafunzi huyu yuko kwenye matibabu, tunaomba kwa wiki mbili aingie kwa hatua hizi, asisimamishwe mbele ya darasa kwa sasa, na asipewe ruhusa ya kurudi nyumbani tumbo likiuma bali akae kwa matroni dakika kumi na tano kisha arudi darasani. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu.

Fimbo ni suala la wazi. Kenya ilizipiga marufuku shuleni mwaka 2001; Tanzania bado inaruhusu kwa masharti. Mtoto anayekataa shule kwa sababu anachapwa kila asubuhi kwa kuchelewa, na anachelewa kwa sababu anatembea kilomita sita, hapandishwi ngazi. Anayetibiwa hapo ni mwalimu mkuu, kwa mazungumzo ya heshima.

Utaitwa pia siku wasichana ishirini wa bweni wanapoanguka na kupiga kelele. Hili si geni kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, jirani na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Waliopatwa wakafika 95 kati ya 159, na shule ikafungwa Machi 18. Hofu ya kundi inaenea kwa macho. Watenganishe walioanguka na wanaotazama, punguza umati na kamera za simu, pima haraka kuhakikisha si sumu wala ugonjwa, ongea kwa sauti ya chini, na usimkebehi yeyote kwamba anaigiza. Kukishatulia, tafuta kilichokuwa kinawabana: mtihani, njaa, patroni mkali, msiba uliozimwa bila kuzungumzwa.

Upande wa matumaini, vijana waliotoka tu sekondari nchini Kenya, wakifundishwa kwa muda mfupi, waliendesha mikutano minne ya saa moja iliyoitwa Shamiri. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa 2021, dalili za sonona na za wasiwasi zilishuka kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Hakukuwa na daktari chumbani. Kama kata yako ina mwalimu wa malezi mmoja mwenye moyo, una mahali pa kuanzia.

Dawa

Kwa ngazi yetu, jibu ni fupi. Mwongozo wa mhGAP, ule wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, hautaki dawa za wasiwasi zianzishwe kwa watoto na vijana kwenye vituo visivyo na mtaalamu. Kabatini kuna diazepamu: usimpe, inamzoesha na inamzuia kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe. Kuna amitriptilini: usimpe, vidonge vichache vya ziada vinaweza kuusimamisha moyo wa mtoto. Fenobabitali si ya kazi hii. Promethazini ya kumlaza si tiba. Propranololi "ya mtihani" inayozunguka kwenye maduka ya dawa inaweza kumfunga kifua mwenye pumu.

Dawa zenye ushahidi ni za kundi la fluoksetini na setralini, na huanzishwa hospitali kwa hofu ya kati au kali, au ngazi ikishindikana baada ya wiki sita hadi nane za juhudi za kweli. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2008 lilihusisha watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12 waliopona vizuri walikuwa karibu 81 kati ya 100 kwa waliopewa setralini pamoja na tiba ya kuzungumza, 60 kwa tiba ya kuzungumza peke yake, 55 kwa setralini peke yake, na 24 kwa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Kwa hiyo hata anayemeza kidonge anapanda ngazi.

Mtoto akirudi kwako na dawa hizo, wewe ndiye macho yake. Fluoksetini kwa kawaida huanza kwa miligramu 10 asubuhi, setralini kwa 25. Siku za mwanzo tegemea kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa usingizi. Faida huchelewa, wiki nne hadi nane. Mwone kila wiki kwa mwezi wa kwanza, na kila mara uulize lile swali la kujiumiza, kwa sababu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali: katika majaribio, mawazo au vitendo vya kujiua vilionekana kwa 4 kati ya 100 waliomeza dawa dhidi ya 2 waliomeza kidonge kitupu. Hakuna aliyekufa kwenye majaribio hayo. Mwenye kupandwa na nishati ya ajabu, halali, anaongea mfululizo, arudishwe hospitali haraka. Vidonge vinashikwa na mzazi. Haviachwi ghafla, na akipona huendelea navyo miezi sita hadi kumi na miwili.

Rufaa nyingine zisizosubiri ni mtoto anayesikia sauti, aliyeacha kula, aliyejikata, na aliye chini ya miaka sita mwenye hofu inayomlemaza. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hospitali kubwa za Muhimbili na Mirembe zipo, lakini nauli ya kutoka Tunduru nayo ni sehemu ya matibabu, kwa hiyo piga simu kwanza ujue siku ya kliniki.

Kabla ya kulifunga faili

Mtoto wetu alirudi darasani wiki ya tano. Tumbo lilikuwa bado linakata baadhi ya Jumatatu, na hilo lilimshangaza mama yake kwa sababu alidhani kupona ni kutoumwa. Nikamuuliza binti: limekuzuia nini wiki hii? "Hamna."

Niliandika hivyo kwenye faili, kwa maneno yake. Chini yake nikaandika tarehe mbili za kurudi, zote wiki moja kabla ya shule kufunguliwa: moja mwisho wa likizo ya Juni, nyingine Januari, atakapokuwa anaanza kidato cha kwanza kwenye shule ambayo hajui choo chake kiko wapi.